Daftari la mvua la baba, kompyuta, na mwani wa mama

SWALI

Shikamoo mtaalamu. Mimi ni kijana wa miaka 24, kwetu ni pwani ya Mkinga, mkoani Tanga. Mama na wenzake wanalima mwani. Marehemu baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kuanzia 2009 hadi 2023 alisoma kipima mvua cha shuleni akaandika kwenye daftari. Nimeingiza daftari lote kwenye kompyuta, nikaongeza unyevu na upepo kutoka data ya bure ya ERA5 (kumbukumbu za hali ya hewa ya dunia nzima zilizokokotolewa na kompyuta), nikafundisha modeli ya misitu ya maamuzi (programu inayojifunza kutokana na mifano) itabiri kama kesho itanyesha milimita 5 au zaidi, maana mvua ya kiasi hicho ndiyo inayotuharibia mwani ulioanikwa. Nilipoijaribu kwa siku 1,000 ilipatia kwa asilimia 86. Vuli iliyopita nikaanza kuitumia, nikiijaza unyevu na upepo ninaousoma kwenye simu. Mama alinisikiliza mara tatu, mara mbili mwani ukalowa. Kukodi turubai na kulipa vijana wa kuanua ni kama shilingi 20,000. Mwani ukilowa tunapoteza kama 100,000. Mama amesema anarudi kutazama mawingu yake. Nimekosea wapi? Na je, kuna haja ya kuhangaika, au akili mnemba za makampuni makubwa zimeshaimaliza kazi hii?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba wa baba. Nimezipitia picha za kurasa ulizonitumia. Mtu aliyekiendea kipimo asubuhi kwa asubuhi kwa miaka 15 akaandika namba moja tu, amewaachia kitu ambacho sehemu kubwa ya pwani yetu haina. Ndiyo maana nitakujibu kwa urefu.

Nianze na asilimia 86. Nilikuomba jedwali la visanduku vinne, ukanitumia. Katika siku 1,000 za majaribio, siku 152 zilinyesha milimita 5 au zaidi. Modeli ilisema "itanyesha" mara 60: mara 36 ikapatia, mara 24 ikakosea. Siku 824 ilisema kavu na kweli zikawa kavu. Zimebaki siku 116 ambazo ilisema kavu na mvua ikashuka. Jumlisha 36 na 824 unapata 860, na hapo ndipo ilipotoka asilimia 86 yako.

Sasa mchukue mtu asiyejua lolote kuhusu hali ya hewa, ambaye kila jioni ukimuuliza anajibu "kesho hakuna mvua". Huyo angepatia siku 848, yaani asilimia 84.8. Kazi yote uliyoifanya imemzidi kwa pointi 1.2. Na kwa lile linalomhusu mama, yaani siku za mvua, modeli imezinasa 36 kati ya 152, hata robo haifiki. Mwani kulowa mara mbili katika mara tatu kwa hiyo haukuwa mkosi mtupu, dalili yake ilikuwamo tayari kwenye jedwali lako.

Mtego huu umewanasa wengi kabla yako. Mwaka 1884 huko Marekani, sajenti J. P. Finley alitoa utabiri wa vimbunga vya tornado mara 2,803, akapatia kwa asilimia 96.6. Mwaka huohuo wakosoaji wakaonyesha kwamba angesema "hakuna tornado" kila mara bila kufanya kazi yoyote, angepatia kwa asilimia 98.2. Hata hivyo Finley alikuwa na ujuzi wa kweli: alitabiri tornado mara 100 na mara 28 ikatokea, kwa jambo ambalo ni adimu mno. Kilichokuwa kibovu ni kipimo. Pale ambapo tukio moja ni la nadra kuliko jingine, asilimia ya "kupatia" haikuambii karibu chochote.

Lakini kipimo si tatizo lako kubwa. Kilichonifanya nisimame ni ukurasa wa Aprili 2017.

Juu kabisa, kwa mwandiko mzuri wa mwalimu, baba ameandika: "Kipimo husomwa saa 3 asubuhi." Tarehe 5, Jumatano, ameandika 22.4. Tarehe 8 na 9, Jumamosi na Jumapili, patupu. Tarehe 10, Jumatatu, 41.2. Kisha Pasaka: tarehe 14 mpaka 17 patupu, na tarehe 18 namba kubwa tena. Nikafungua faili lako la kompyuta kwenye tarehe hizohizo. Tarehe 8, sifuri. Tarehe 9, sifuri. Tarehe 14 hadi 17, sifuri nne. Programu ilikuta nafasi tupu ikajaza 0, na wewe hukuiona.

Patupu si sifuri. Baba hakusema haikunyesha. Hakuwepo shuleni kusoma. Maji ya Ijumaa usiku, Jumamosi na Jumapili yote yalikusanyika kwenye kipimo yakamsubiri Jumatatu. Modeli yako kwa hiyo imefundishwa kwamba mwisho wa wiki pwani ya Mkinga huwa pakavu, hata katikati ya masika, na kwamba Jumatatu mbingu hufunguka. Na ulipoijaribu, ulitumia sifuri hizohizo za uongo kuipa alama za kupatia.

Futa sifuri zote zilizozaliwa na nafasi tupu. Futa pia usomaji wa kwanza unaofuata kila pengo, kwa sababu hatujui mvua ile ilinyesha siku gani. Utashawishika kuziokoa zile Jumatatu zilizosoma 0.0, ukisema basi Jumamosi na Jumapili zake zilikuwa kavu kweli. Usifanye hivyo. Ukiokoa siku kavu peke yake na kutupa zilizonyesha, utakuwa umeipaka pwani nzima rangi ya ukame. Tupa zote mbili. Utabakiwa na takriban siku elfu tatu badala ya elfu tano, na hizo elfu tatu utaziamini.

Kosa la pili, la tarehe, ni gumu kidogo kulitambua, kwa hiyo nifuate polepole. Namba ya tarehe 5, iliyosomwa saa 3 asubuhi, ni maji yaliyoshuka kuanzia saa 3 asubuhi ya tarehe 4 hadi saa 3 asubuhi ya tarehe 5. Siku ya ERA5 nayo huhesabiwa kwa saa ya kimataifa, hivyo kwa saa zetu huanza saa 9 usiku na kuisha saa 9 usiku inayofuata. Wewe umechukua unyevu na upepo wa ERA5 wa tarehe 4 ukatabiri namba ya baba ya tarehe 5, ukidhani unatabiri kesho. Pima zinapopishana: kutoka saa 3 asubuhi ya tarehe 4 hadi saa 9 usiku wa kuamkia tarehe 5 ni saa 18. Katika saa 24 za mvua ile, saa 18 modeli ilikuwa imeshaziona. Hewa iliyojaa maji uliyoipa kama dalili ilikuwa ni hewa ya mvua inayonyesha.

Hapo ndipo nasikitika kukuambia kwamba hata ile pointi 1.2 si yako. Vuli ilipofika ukaanza kuijaza namba za simu, hukuwa tena na majibu ya kuchungulia. Hata ungetaka kuendelea na ERA5 usingeweza, kwa sababu hutoka ikiwa imechelewa takriban siku 5. Na unyevu wa kwenye simu umepikwa na mfumo mwingine kabisa, wenye tabia zake.

Kosa hili nalijua kwa sababu nimeshalitenda. Zamani, nikiwa nimetoka masomoni, nilitengeneza hesabu ya namna hii kwa ajili ya shamba moja la mkonge hapa mkoani. Singa zikitoka kwenye korona, yaani mashine ya kuchakata mkonge, na kuoshwa huanikwa juani, na mvua ikizikuta hubadilika rangi. Karatasi zangu zilionyesha matokeo mazuri mno, nami sikujiuliza kwa nini ni mazuri mno. Wiki ya pili ya kazi, singa za siku mbili zikalowa zikiwa kwenye waya, zikashushwa daraja. Nilikwenda kwa msimamizi kumwomba radhi, kisha nikakesha usiku mbili mpaka nikaikuta ile tofauti ya saa. Tangu siku hiyo, kila ninapopewa data, jambo la kwanza ninaloandika kwenye karatasi ni saa ya uamuzi: mtu anayetumia utabiri huu anaamua saa ngapi, na saa hiyo anajua nini? Kwenu, nadhani, ni saa 12 jioni, mama anapoamua kuanua au kuacha mwani kwenye vichanja. Basi kila kitu unachoipa modeli kiwe kimekwisha kupatikana kabla ya saa 12 jioni. Kisichokuwepo saa hiyo, hata kiwe kizuri vipi, kitoe.

Kuna la tatu, dogo. Ulizichanganya siku zote kama karata, ukachomoa 1,000 za majaribio. Siku za mvua huja kwa makundi. Ukiijaribu modeli kwa tarehe 12 wakati imekwisha kusoma tarehe 11 na 13, umempa mwanafunzi mtihani aliouona jana. Gawa kwa miaka. Fundisha kwa 2009 hadi 2018, jaribu kwa 2019 hadi 2023. Na vizuri kwamba 2019 imo kwenye majaribio, maana vuli ya mwaka ule Bahari ya Hindi upande wetu ilipata joto kupita kawaida na Afrika Mashariki ikalowa sana. Modeli ambayo haiwezi hata kujitetea katika mwaka kama huo, ni bora uijue mapema.

Sasa nikuambie kwa nini kazi yenyewe ni ngumu, maana sitaki udhani ni makosa yako tu. Huko Ulaya mvua nyingi huja na mifumo mikubwa ya upepo yenye upana wa mamia ya kilomita, inayoonekana ikija siku kadhaa kabla. Sisi tuko nyuzi 5 kusini ya Ikweta. Hapa nguvu ya mzunguko wa dunia inayopanga mifumo ile ni dhaifu, na mvua yetu nyingi hutoka kwenye mawingu ya kilomita chache tu, yanayozaliwa, kukua na kumalizika ndani ya saa moja au mbili. Unaweza kuwa umesimama juani ukiangalia mvua ikinyesha ng'ambo ya ghuba.

Uliniuliza pia pembeni kama kipima mgandamizo wa hewa kilichomo kwenye simu kitasaidia. Kijaribu kwa wiki moja ujionee. Kila siku mgandamizo utapanda hadi kama saa 4 asubuhi, ushuke hadi kama saa 10 jioni, upande tena hadi saa 4 usiku, ushuke tena hadi alfajiri, kwa hektopaskali 2 au 3, kunyeshe kusinyeshe. Ni pumzi ya anga la kitropiki inayosukumwa na joto la jua. Mabadiliko ya siku hadi siku tunayoyatafuta sisi mara nyingi ni madogo kuliko pumzi hiyo. Huko kaskazini ya dunia kushuka kwa mgandamizo ni habari kubwa. Kwetu ni saa ya ukutani.

Kinachosema zaidi huku ni upepo na saa. Wakati wa kusi, usiku nchi kavu ikipoa, umande huvuma kutoka bara kwenda baharini ukakutana na kusi karibu na ufuo. Hewa ikikosa pa kwenda hupanda, mawingu yakajipanga juu ya bahari, na mvua ikatua alfajiri, kabla jua halijashika. Kila mvuvi wa Tanga aliyewahi kurudi na ngalawa asubuhi anaijua mvua hii. Ukiipa modeli "mvua ya siku" kwa jumla, umeficha jambo hili lote. Ndiyo maana ningependa ujue kama mvua iliyomlowesha mama ilikuwa ya alfajiri au ya mchana. Nadhani zilikuwa za alfajiri.

Tuje kwenye swali lako la pili, la akili mnemba kubwa. Ni kweli, yaliyotokea ni makubwa na mimi nimeyapokea kwa furaha. Mwaka 2023 zilichapishwa Pangu-Weather ya Huawei na GraphCast ya Google DeepMind. GraphCast ilifundishwa kwa ERA5 ya 1979 hadi 2017, dunia nzima, na hutoa utabiri wa siku 10 kwa muda usiofika dakika moja, kazi ambayo mifumo ya fizikia huifanya kwa kompyuta kubwa na kwa muda mrefu. Tarehe 25 Februari 2025 kituo cha Ulaya cha utabiri, ECMWF, kikaanza kuendesha mfumo wake wa namna hiyo, AIFS, kila siku sambamba na ule wa fizikia. Kwa kujua upepo na unyevu wa dunia utaelekea wapi keshokutwa, daftari la kijiji kimoja halishindani nayo. Usijaribu.

Ila tazama inavyoiona Mkinga. GraphCast hugawa dunia kwa visanduku vya robo nyuzi, huku kwetu karibu kilomita 28 kwa upande. Kisanduku kimoja kinachukua bahari, mikoko, kijiji chenu, na mashamba kuelekea bara, kisha kinaipa sehemu yote hiyo namba moja ya mvua. Tena mvua ya ERA5 iliyotumika kuifundisha haikupimwa na kipimo, imetokana na mfumo wa hesabu, na kwa mvua za mawingu madogo ya kitropiki mfumo huo hukosea. Mwanafunzi hurithi makosa ya mwalimu.

Hapo ndipo daftari la baba lina kazi ambayo hakuna kampuni inayoweza kuifanya kwa niaba yenu. Mwaka 1972 Wamarekani wawili, Glahn na Lowry, walieleza njia inayotumika hadi leo: usishindane na mfumo mkubwa, uchukue utabiri wake wa zamani, uuweke pembeni ya vipimo vya kituo chako, kisha takwimu zikuambie mfumo ule ukisema hivi, hapa kwetu huwa vipi. Labda ukisema milimita 3 na upepo ni wa kusi, kwenu hunyesha mara nyingi. Ukisema milimita 3 na upepo ni wa kaskazi, mara chache. Namba hizo hakuna azijuaye duniani ila mwenye daftari.

Kwa hiyo utafute kumbukumbu za utabiri uliotolewa siku zile, siyo ERA5 ya siku zile. Mfumo wa utabiri wa Marekani, GFS, ni wa bure, na ECMWF nayo hutoa sehemu ya matokeo yake bure. Chagua mmoja, na uwe huohuo utakaoutumia jioni kwa jioni. Usifundishe kwa mmoja na kutabiri kwa mwingine. Upe modeli vitu vichache: mvua iliyotabiriwa kwa kesho, mwelekeo wa upepo uliotabiriwa, kama leo asubuhi kipimo kilisoma chochote, na majira ya mwaka. Baadaye unaweza kuongeza ule mzunguko wa siku 30 hadi 60 uliogunduliwa na Madden na Julian mwaka 1971, unaotambaa kutoka Bahari ya Hindi kwenda mashariki na kuongeza au kupunguza uwezekano wa mvua. Fahirisi yake hutolewa wazi kila siku.

Na badala ya misitu ya maamuzi, anza na rigresheni ya lojistiki, njia nyepesi ya takwimu. Najua haina mvuto. Lakini una safu elfu tatu tu, na ndani yake siku za mvua ni mia kadhaa. Kwa kiasi hicho mitandao ya neva na misitu minene hukariri. Rigresheni ya lojistiki itakupa kitu kimoja unachokihitaji kuliko vyote, yaani uwezekano kwa asilimia, na utaweza kuisoma kwa macho ukaona inamsikiliza nani. Hata kabla yake, fanya hesabu ya mkono. Gabriel na Neumann, mwaka 1962, waliitazama mvua ya Tel Aviv kwa swali jepesi: leo ikinyesha, kesho hunyesha mara ngapi, na leo ikiwa kavu, mara ngapi? Jibu swali hilo kwa Aprili zote za baba, kisha kwa Novemba zote. Ni kazi ya jioni moja. Modeli yoyote utakayoijenga ikishindwa kuipita hesabu hiyo, itupe.

Kuhusu huo uwezekano, kaa na mama mezani, kwa sababu hapa ndipo fedha yenu ilipo. Kompyuta yako ilikuwa inasema "itanyesha" pale tu inapoona uwezekano umepita asilimia 50. Nani alichagua 50? Hakuna, programu ilikuja nayo. Ninyi mkianua bure mnapoteza 20,000. Msipoanua na mvua ikaja mnapoteza 100,000. Gawa 20,000 kwa 100,000, unapata asilimia 20. Uwezekano ukipita 20, anueni. Mtaanua mara nyingi bure, na bado mtakuwa mmefanya sawa.

Nikuonyeshe kwa jedwali lako hilohilo, pamoja na kasoro zake, kwa siku 1,000 za kuanika. Usipoanua hata mara moja, hasara ni mara 152 za 100,000: milioni 15.2. Ukianua kila siku, milioni 20. Kwa modeli yako ya asilimia 50, mmelipa kuanua mara 60, milioni 1.2, na mvua imewakuta mara 116, milioni 11.6, jumla milioni 12.8. Sasa tuseme umeshusha kizingiti, modeli ikapiga kelele mara 260, ikanasa siku 110 kati ya zile 152. Kuanua ni milioni 5.2, kulowa mara 42 ni milioni 4.2, jumla milioni 9.4. Na asilimia ya kupatia? Siku 110 zilizonaswa na siku 698 kavu, yaani 80.8. Imeshuka kutoka 86! Modeli iliyoonekana mbaya zaidi kwenye karatasi imewaokolea milioni 3.4. Ningependa ubandike namba hizi mbili ukutani.

Utagundua pia kwamba faida haitoki sawasawa mwaka mzima. Januari na Februari, kaskazi ikiwa imetulia, uwezekano kwa kawaida uko chini ya 20 na hamhitaji kompyuta. Katikati ya masika karibu kila siku uko juu, kazi ya modeli hapo ni kuwatafutia zile siku chache za afueni. Faida kubwa ni vuli na mwanzo wa kusi. Na kwa kuwa mavuno hufuata bamvua, zile siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, huwezi kusogeza kazi wiki nzima mbele kungoja jua. Basi tabiri siku zilezile za bamvua, na uangalie kama modeli yako inafanya vizuri hizo, usijipongeze kwa siku ambazo hakuna mwani nje.

Kupima uwezekano tumia alama ya Brier, ya mwaka 1950. Ukisema asilimia 70 na ikanyesha, toa 0.7 kwenye 1, inabaki 0.3, zidisha kwa yenyewe: 0.09. Isiponyesha, 0.7 mara 0.7: 0.49. Tafuta wastani wa siku zote. Unavyokuwa mdogo ndivyo bora. Mtu anayesema asilimia 15 kila siku kwa data yako atapata karibu 0.129, na anayesema sifuri kila siku atapata 0.152. Sitaki kuona asilimia ya kupatia tena. Nitumie Brier yako, na ya kila mwezi kando.

Kuna jambo ambalo daftari haliwezi kulijua. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar na Bagamoyo. Aprili 1952 kingine kiliingia Lindi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kikaja, baada ya baba kuacha kuandika. Miaka 15 ya Mkinga haina hata kimoja, na modeli haijifunzi kitu ambacho haijawahi kukiona. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ikitoa angalizo au tahadhari, modeli yako haina la kusema usiku huo. Na majirani wakianza kukuuliza, wape utabiri wa TMA. Kutoa tahadhari kwa umma ni kazi yao kisheria, na wana rada na wataalamu wanaokesha.

Mwisho, mama na mawingu yake. Usibishane naye. Kila saa 12 jioni, kabla hujafungua kompyuta, muulize: kati ya jioni kumi kama hii, ngapi zitaleta mvua? Akisema tatu, andika 0.3 kwenye safu yake mwenyewe. Mtu aliyeishi ufukweni miaka yote hiyo anaona rangi ya upeo wa macho, anasikia umande ukianza, vitu ambavyo GFS haina. Baada ya msimu mmoja utampimia Brier yake. Sitashangaa akikushinda katika mwezi fulani. Na hata akishindwa, namba yake ikiingia ndani ya rigresheni pamoja na ya GFS, huenda ikaongeza kitu. Dalili za kienyeji kama hizi huwa zinasifiwa au kudharauliwa tu. Wewe una nafasi ya kuzipima.

Na kipimo je, nani anakisoma sasa? Kama bado kipo shuleni, mwombe mwalimu mkuu ukihamishie nyumbani, au ununue kingine. Kiweke mbali na mnazi na paa, umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa vitu hivyo, mdomo ukiwa umelala sawa. Soma saa 3 asubuhi kama baba, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Ongeza usomaji wa saa 12 jioni, ili mvua ya usiku na ya mchana zitengane. Usipokuwepo, andika "sikusoma". Anza kesho, masika hayajaingia bado, na nakala ya jedwali jipya la visanduku vinne, tarehe zikiwa zimesahihishwa, nitaisubiri hata kama namba zimeshuka.